Kiungo cha Reli ya Bati

Jumatano, 9 Januari 1957. Nachingwea
Daftari hili ni la kuhesabia mbao za stesheni. Kurasa zilizoandikwa nimezichana. Naandika kwa sababu nikiyasema haya kwa mdomo nitagombana na mtu, na watu niliogombana nao wanatosha. Kifuku, masika yetu ya huku, kimeanza kwa hasira. Banda langu la useremala linavuja palepale nilipoziba mwaka jana.

Leo Bwana Eustace, stesheni masta wetu, kaja nyumbani kutazama reli yangu. Watu wanaiita ya kuchezea. Mimi sichezi. Ni meza ya mninga yenye urefu wa hatua tano, na juu yake ipo stesheni yetu ya Nachingwea nzima: jukwaa, tangi la maji, ghala la mizigo, mlingoti wa ishara, na mabehewa tisa unayoweza kuyabeba yote kwenye ungo mmoja. Reli zenyewe ni bati la madebe, nimelikunja kipande kwa kipande. Mwaka wa saba huu naijenga.

Eustace kaizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama anakagua askari. Kisha akauliza, "Na injini, fundi?"

Nikamwambia injini ipo ila haivuti.

"Na mbona njia imekatika hapa mwishoni, kabla ya ile njia ya pembeni?"

"Imekatika kwa sababu nimeikata," nikamwambia. Akageukia tangi la maji. Ni mtu mwenye adabu, na mimi adabu yangu ilikwisha zamani.

Jumamosi, 12 Januari
Mvua. Goreti, shemeji yangu, kapanda mahindi upya, ya kwanza yameoza.

Jumapili, 20 Januari
Baada ya misa Eustace kaniita kwake kunywa chai. Mkubwa wa reli atakuja mwezi wa nne. Maneno yamezagaa kwamba njia yetu haina faida tangu mradi wa karanga ushindwe, na kwamba siku moja itang'olewa. Eustace anataka mkubwa huyo aingie ghala la mizigo, aione reli yetu ndogo ikitembea, ajue kuwa watu wa huku wanaipenda njia hii. Sikuona ubaya. Hata nilifurahi kidogo, nakiri.

Kisha akasema, "Nimesikia Ruangwa yuko mtu naye kaijenga yake. Ya bati tupu. Injini yake inakwenda kwa springi ya gramafoni, na inavuta! Na hebu sikia maajabu: yake inaanzia kwenye ile njia ya pembeni na kuelekea pwani. Yako inaishia hapohapo. Zikiunganishwa, ni njia moja."

Nikamuuliza jina la mtu huyo, ingawa nilishalijua.

"Fundi bati mmoja, anaitwa Isihaka."

Niliacha chai mezani, nikatoka.

Jumatatu, 21 Januari
Sikuweza kufanya kazi leo. Nimeharibu milango miwili.

Naandika yalivyokuwa. Eustace kaja huku juzi tu, hajui. Mwaka 1950, wakati wa karanga, tulikuwa watatu kwenye kikosi kimoja cha kufunga mabehewa: mimi, mdogo wangu Bernardo, na Isihaka, Mmwera wa Ruangwa. Tulikula sufuria moja. Ile reli ya bati tuliianza pamoja kambini, Jumapili, kwa mabati ya kuokota. Ndiyo maana upana wa njia yangu na ya kwake ni mmoja: tulikubaliana inchi mbili kasorobo.

Kazi ilikuwa hivi. Injini inasukuma mabehewa kinyumenyume mpaka yakaribie mengine, kisha mtu anaingia katikati kuyafunga kwa mnyororo. Bernardo ndiye aliyekuwa akiingia. Mimi nilisimama karibu na dereva na bendera ya kijani. Kwenye ile njia ya pembeni pana kona, basi Isihaka alisimama katikati yetu kupokezana sauti. Kama nafasi ipo, alisema, "Bado, bado, bado." Yakikaribia kugusana alisema, "Basi!" nami nikashusha bendera.

Siku ile ya mwezi wa nane alisema, "Basi." Injini ikasimama. Bernardo akaingia katikati. Tukangoja. Halafu Isihaka akapaza sauti, "Bado!" Nikainua bendera. Injini ikasukuma, na Bernardo yumo.

Sitaandika nilichokiona nilipofika.

Kwenye baraza la uchunguzi niliulizwa nani aliniambia nisukumishe. Nikasema: Isihaka. Naye alipoulizwa kama alisema "bado", akajibu ndiyo. Kiswahili chake cha kuvutavuta, kila neno anaanza na kulirudia, karani akachoka kumsikiliza. Akafukuzwa kazi. Alikuja msibani, nikamtoa uani mbele ya watu wote. Goreti, mke wa Bernardo, alikuwa na mwezi wa sita wa ndoa. Tangu hapo yuko nyumbani kwangu, na tangu mke wangu afariki ndiye anayenipikia. Akikutana na mke wa Isihaka, Mwantumu, kwenye soko lolote, anatema mate chini.

Na huyo ndiye nikaunganishe naye reli!

Ijumaa, 1 Februari
Nimejaribu tena injini yangu. Imekwenda shubiri moja, ikalala. Shetani mkubwa.

Alhamisi, 14 Februari
Eustace kamwandikia Isihaka bila kuniuliza. Jibu limekuja kwa dereva wa lori, limeandikwa na mtu mwingine, kwa maana Isihaka kusoma hakujua. Nalinakili:

"Bwana Stesheni Masta, salamu. Nitakuja. Sitaki malipo. Nataka tuunganishe palepale kwenye njia ya pembeni, na fundi Teofili mwenyewe awepo. Wala asimtume mtu."

Nimemwambia Eustace sitaki. Akaniangalia, akasema, "Basi tutaonyesha ya kwake peke yake. Injini anayo."

Angalia mtu! Yangu yenye stesheni, yenye ghala, yenye saa ya jukwaani niliyoichonga kwa sindano, ibaki nyumbani inavujiwa na mvua? Nimekubali. Sikumkubali Isihaka, nimekataa kushindwa. Ni vitu viwili tofauti.

Ijumaa, 15 Februari
Nimemwambia Goreti. Kaendelea kutwanga. Baadaye akasema, "Shemeji, chakula chako nitapika. Chake sitapika." Haki yake.

Jumatano, 6 Machi
Majivu. Padri kanipaka usoni, mvua ikayaosha kabla sijafika nyumbani.

Jumanne, 19 Machi
Barabara ya Ruangwa haipitiki. Lori limezama siku ya tatu. Naomba lizame moja kwa moja.

Jumamosi, 23 Machi
Kafika. Kazeeka. Nilimkumbuka mnene, na aliyeshuka kwenye lori ni mtu mkavu, kofia ya kiua imechakaa, tope mpaka magotini. Reli yake kaifunga kwa maturubai manne na mwenyewe kakaa juu yake safari nzima.

"Hujambo, Teofili," akasema.

"Mizigo iende ghalani," nikawaambia watu wa stesheni.

Jumapili, 24 Machi
Nilikwenda ghalani peke yangu, yeye akiwa kwa ndugu zake, nikafunua maturubai. Nitasema kweli kwa kuwa hakuna anayesoma: ni kazi ambayo sijapata kuiona. Madaraja, makalvati, hata majani ya matete kando ya mto kayakata kwa bati na kuyapaka rangi. Kafanya kwa mkasi na lehemu tu.

Kisha nikaiona njia ya pembeni. Kona ileile, yale mawe, kile kichuguu upande wa kushoto. Kati ya mabehewa mawili kaacha nafasi, na hapo hakuweka mtu. Katika reli yake yote wapo watu wa bati wadogo, wengine wamebeba magunia, mmoja anakojoa nyuma ya ghala. Hapo hakuna.

Nilifunika haraka.

Jumatano, 27 Machi
Tunafanya kazi bila kusemeshana. Meza yake ina fremu ya chuma cha pembe, nzito, haisogei. Yangu tumeipandisha juu ya toroli la mizigo ili isukumwe. Yake iko juu kuliko yangu kwa inchi moja. Nimechonga kabari. Kazitazama, akatikisa kichwa, akatoa mbili, akarudisha moja. Ikalala sawa. Ilinikera sana kwamba alikuwa sahihi.

Ijumaa, 29 Machi
Leo kaniambia maneno mengi kwa mara ya kwanza. "Bati lako unalikunja dhidi ya nyuzi zake. Ndiyo maana linapanda. Likunje hivi." Akanionyesha. Mikono yake ni mizuri kutazama ikiwa kazini. Siandiki zaidi.

Jumapili, 31 Machi
Nimemuuliza kwa nini alitaka tuunganishe pale. Alichukua muda, maneno yake ni kama anayatoa shimoni.

"Mimi kusema sijui, Teofili. Kule barazani nilisema, hawakusikia. Nilikuletea salamu mara tatu tukae, ukakataa. Nikasema, kisa hicho nitakijenga. Mtu akikiona ataelewa."

"Ataelewa nini?"

"Alivyosema Bernardo."

Nikamwambia Bernardo hakusema kitu. Akaniangalia. Mimi ndiye niliyeondoa macho.

Jumatatu, 1 Aprili
Mwezi umeandama, Isihaka kafunga. Mvua kutwa.

Alhamisi, 4 Aprili
Nitaandika leo hii. Kesho nitakuwa nimeshajitafutia maneno mazuri.

Ilikuwa saa tisa mchana. Ndani ya ghala tulikuwa sisi wawili, na Eustace mlangoni na karatasi zake. Kulibaki nafasi ya vidole vinne kati ya meza yangu na yake. Isihaka kapiga magoti upande wa pili, mimi simuoni kwa sababu ya tangi langu la maji na mlingoti. Yeye ndiye wa kuingiza vipande vya bati vinavyoshika ncha za reli ya huku na ya kule. Mimi ndiye wa kusukuma toroli.

Nikasukuma taratibu. Akasema, "Bado... bado... bado... basi." Nikasimama. Nikasikia anahangaika na kile kipande, anasonya. Nami nilikuwa nimeinama, mgongo unaniuma. Nikangoja.

"Bado!" akasema.

Nikasukuma.

Ukelele wake sikuusikia vizuri, nilisikia mfupa. Eustace akatupa karatasi, akaja mbio, tukalivuta toroli nyuma. Vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, vimesagika kati ya mninga wangu na chuma chake. Damu imetiririka kwenye njia ya pembeni mpaka kwenye kona.

"Kwa nini umesema bado?" nikamfokea. Ndiyo, nilimfokea mtu ambaye vidole vyake vinaning'inia. "Umesema bado!"

Kakaa chini, kaegemea mguu wa meza, uso umekuwa wa majivu. Hakupiga kelele tena. Akasema, "Ndiyo. Sijamaliza kufunga. Bado." Akavuta pumzi. "Wewe umesikia nini?"

"Nimesikia bado. Kwamba nafasi ipo. Kwamba nisukume."

"Haya," akasema. "Ndiyo hivyohivyo. Bernardo alisema hivyohivyo."

Jumamosi, 6 Aprili
Vidole vimekatwa hospitali.

Mjini wanasema nilikusudia. Kwa nini wasiseme? Wote wanajua nilivyomtoa msibani. Mwenye hoteli kasema mbele yangu, "Mungu hamfichi mtu." Jana askari kaja kunihoji, na mimi nimejitetea kama mtoto: aliniambia bado, aliniambia bado. Askari akaandika, lakini macho yake yalikuwa yameshanihukumu.

Leo asubuhi askari yuleyule karudi, akasema mambo yamekwisha. Kwenda kumhoji Isihaka wodini, kabla hajamaliza hata kuvuta kiti, Isihaka kasema: "Teofili hana kosa. Mimi nilisema bado, nikiwa na maana kazi bado. Yeye alisikia bado, nafasi bado. Neno ni moja. Andika hivyo, na kama hukuelewa niulize tena, nitarudia." Kamrudisha nyuma mara tatu mpaka askari kaandika vizuri, na kwa kuwa mkono wa kulia umefungwa, kaweka dole gumba la kushoto.

Yeye kanisafisha ndani ya siku mbili tu, tena na maumivu, tena na saumu. Hakuna aliyemwomba.

Sasa nitaandika lile ambalo sikuliandika tarehe 21 Januari.

Sauti zilikuwa mbili. Siku ile, baada ya injini kusimama, sauti ya kwanza ilitoka katikati ya mabehewa. Ilikuwa ya mdogo wangu, nimelala naye mkeka mmoja tangu utoto, nitaikosaje? Alisema, "Bado!" Mnyororo ulikuwa na kutu, haukushika. Jua lilikuwa kali, nilikuwa na njaa, nilitaka kazi iishe. Nikaisikia ile bado na bendera ikapanda. Isihaka alikuwa hajafungua mdomo. Alipoiona bendera yangu inapanda ndipo naye akapiga kelele, "Bado! Bado!" akikimbia, mikono juu. Alikuwa ananizuia. Nilimuona anakimbia. Mtu anayesukumisha behewa hakimbii hivyo.

Nilijua yote haya jioni ileile. Barazani waliniuliza, "Ulisikia sauti ya nani?" Nikasema ya Isihaka. Si uongo, niliisikia. Ila niliulizwa mara moja nikajibu nusu, na ile nusu nyingine nikaiketia miaka saba. Kila mwaka nilivyozidi kumchukia, nusu ile ilipungua, mpaka Januari nilipoandika hapa ilikuwa imekwisha kabisa. Nimejidanganya hata kwenye daftari langu mwenyewe!

Jumatatu, 8 Aprili
Nimekwenda hospitali. Mwantumu kakaa kitandani kwa mumewe, kanipa mgongo.

Nikamwambia Isihaka, "Nilisikia sauti mbili."

Akasema, "Najua. Nilikuona ulivyoinua bendera."

"Mbona hukusema barazani?"

"Nilisema. Nilisema bendera ilitangulia. Karani akasema jibu swali uliloulizwa." Kisha akafumba macho. "Mwambie Goreti. Mimi sina neno jingine."

Nikamwahidi. Nikasema mkubwa wa reli akishaondoka tu, nitamwambia. Mwantumu akageuka, akacheka kidogo, kicheko kibaya.

Jumanne, 9 Aprili
Nimeunganisha kiungo mwenyewe, kwa kipande alichokikata yeye. Nimeosha damu, imebaki kwenye mikunjo.

Jumamosi, 13 Aprili
Mkubwa wa reli kaja, na wenzake watano. Nilifungua springi, injini ya Isihaka ikatoka upande wa pwani, ikavuka madaraja yake, ikapita kwenye njia ya pembeni, ikavuka kiungo bila hata kutikisika, ikaingia stesheni yangu ikivuta mabehewa yangu tisa. Watu walipiga makofi mpaka mabati ya ghala yakalia. Mkubwa kapiga magoti na suruali yake nyeupe ili aone vizuri. Kaniuliza nimejifunza wapi. Kanishika mkono.

Eustace akataja, "Na fundi mwenzake, yuko hospitali, aliumia."

"Pole yake," akasema mkubwa, akataka izungushwe tena.

Nilikuwa nimeota siku hii miaka saba. Nilisimama pale nimevaa koti la marehemu baba, nikisifiwa, na moyo wangu ulikuwa na ladha ya shubiri.

Jumapili, 14 Aprili
Matawi. Nilitaka kumwambia Goreti njiani tukirudi. Akanionyesha mahindi yake yaliyopona, akafurahi. Nikayasifu mahindi.

Jumanne, 16 Aprili
Nimekwenda kwa Eustace kurekebisha maelezo yangu ya mwaka 1950. Kasikiliza yote. Kisha kaniambia kwa upole kwamba jalada lile lilikwenda makao makuu, na mwenye kuliandika kesharudi kwao Ulaya. "Nitaandika barua, fundi. Lakini sijui itasomwa na nani."

Isihaka karuhusiwa hospitali, karudi Ruangwa. Hakupita stesheni kuchukua reli yake. Nimeuliza atachukua lini. Wakasema kasema abaki nayo mwenye mikono.

Ijumaa, 19 Aprili. Ijumaa Kuu
Nilikaa kwenye mstari wa kitubio. Mbele yangu walibaki wawili, nikatoka. Padri atanisamehe, na nitarudi nyumbani kula ugali wa Goreti. Haiwezekani.

Jumatatu, 22 Aprili. Pasaka ya pili
Nimemwambia. Alikuwa anapepeta. Nilisimama, sikukaa, kwa sababu ningekaa nisingesema. Nilisema yote kwa mpangilio, njaa, jua, kutu, bendera. Aliendelea kupepeta mpaka nilipofika kwenye sauti ya kwanza, hapo ungo ukasimama.

"Uliisikia sauti yake?"

"Niliisikia."

"Ya Bernardo mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Ilikuwaje?"

Sikuelewa anataka nini.

"Iseme alivyoisema," akasema. "Miaka saba nimekuuliza kama alisema neno, ukaniambia hakusema kitu. Iseme."

Nikaisema. Mara ya kwanza sauti ilinitoka ndogo, akaniambia, "Hapana, alikuwa na sauti kubwa." Nikaisema tena. Jirani alichungulia juu ya ua. Goreti akainama juu ya ungo, mchele wote ukamwagika, na akalia kilio ambacho hakulia hata siku ya kuzika.

Alipomaliza akajifuta kwa kanga. "Nimemtemea mate Mwantumu," akasema. "Mara ya mwisho alikuwa amebeba mtoto mgongoni." Kisha: "Kesho tunakwenda Ruangwa. Wewe utasema hivyohivyo, mbele yao. Mimi nitasikiliza kama hutapunguza kitu."

Jumatano, 24 Aprili. Ruangwa
Lori lilituacha njiani, tope. Tulitembea kuanzia asubuhi, Goreti mbele, mimi nyuma. Hakunisemesha hata mara moja. Tulifika kwa Isihaka jana jua linazama. Uani walikuwa wameshatandika mikeka ya futari, majirani wanaume wapatao kumi, uji unafuka, mihogo imepakuliwa. Isihaka muhogo wake aliushika kwa mkono wa kushoto.

Tulisubiri wafungue saumu, waswali. Walipoketi tena, nikasema. Nilisema nikiwa nimesimama ukingoni mwa uwanja. Nilisema sauti ya kwanza ilikuwa ya nani na bendera ilipanda lini. Nilisema Isihaka alikimbia kunizuia, nami nilimuona. Nilisema baraza liliniuliza nami nikajibu nusu. Sikupunguza kitu, Goreti alikuwa ananitazama. Nikaomba radhi kwa Isihaka, kwa Mwantumu, kwa wote.

Goreti akatoka mbele yangu, akavuka uwanja, akapiga magoti mbele ya Mwantumu. Mwantumu alimwacha hapo kwa muda, muda mrefu kidogo. Kisha akamshika mkono, akamwinua, akamwingiza ndani kwa wanawake.

Sisi wanaume tukabaki. Nilingoja Isihaka aseme lolote, hata anitukane. Alikuwa anatafuna. Akameza, akanywa uji, akaweka kikombe chini.

"Nimesikia," akasema.

Mwezi wa Ramadhani, huku kwetu, hata mpita njia asiyejulikana akikuta watu wanafuturu ataitwa, atasogezewa mkeka, awe Mwislamu awe Mkristo. Nilisimama pale mpaka sahani zikaisha na mikeka ikakunjwa. Hakuna aliyesema karibu.